Dawa za mgonjwa zimebaki nyumbani: urudishe, utupe, uchome, ufukie au umpe jirani?

Wiki ya pili baada ya kumzika mama ndo nikapata nguvu ya kufungua lile kopo lake la biskuti alilokuwa anawekea dawa. Nikamwaga vyote kitandani. Amlodipine za presha stripu nne, moja imekatwa katikati na mkasi. Losartan, nayo ya presha, boksi zima halijaguswa maana daktari alimbadilishia katikati ya mwezi. Metformin za sukari, za bima. Glibenclamide za zamani, nazo za sukari, za kabla hajaanza kuchoma insulini. Amoxicillin, ile antibaotiki, sita kwenye kibahasha cha karatasi kimeandikwa "2x3" kwa kalamu, hata sijui zilikuwa za nani. Chupa ya mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, imebaki kama vidole viwili hivi kutoka chini. Na kwenye mlango wa friji vichupa viwili vya insulini, kimoja hakijafunguliwa kabisa.

Nikakaa pale nikilia, afu nikaanza kujiuliza, sasa hivi vitu naviweka wapi? Nikauliza ndugu, nikauliza majirani, nikauliza famasi mbili na hospitali moja, na kila mtu akawa na jibu lake. Kwa hiyo nimeamua niyaweke majibu yote pembeni kwa pembeni, nikisema lipi lina faida gani na lipi lina hatari gani, maana najua siko peke yangu. Kila nyumba ina kopo kama lile.

Kumpa jirani au kuweka akiba

Mama mdogo alikuwa wa kwanza. "Mwanangu usitupe hela hizo. Yule mama wa nyumba ya nyuma naye ana presha, mpelekee." Na mi namuelewa kabisa, dawa za presha za mwezi mzima ni hela, na kwetu kutupa kitu kizima wakati jirani anahitaji ni kama dhambi. Nikamwambia mama mdogo, kweli, ila hebu tuangalie kwanza ni dawa gani na anaenda kuinywa nani.

Presha siyo ugonjwa mmoja wa dawa moja. Losartan ile iliyobaki boksi zima haitakiwi kabisa kwa mjamzito, inaharibu mtoto tumboni, na yule jirani ana binti yake wa miaka ishirini na kitu anayesema naye kichwa kinamuuma kwa presha, we unadhani dawa ikiingia nyumba ile itabaki kwa mama peke yake? Amlodipine kuna watu inawavimbisha miguu. Metformin mtu mwenye figo mbovu inaweza kumletea matatizo makubwa. Na glibenclamide ndo iliyonitisha kuliko zote, kidonge kimoja tu kikimezwa na mtoto mdogo kinaweza kushusha sukari yake mpaka akazimia na akafa, na vile vidonge ni vidogo, mtoto anaona pipi.

Afu kuna swala la dawa ilikaaje. Mama alikuwa na tabia ya kuacha kopo juu ya kabati karibu na dirisha la bati, mchana pale panawaka. Tarehe ya kwenye boksi inahesabia dawa iliyotunzwa vizuri, haihesabii iliyooka kwenye joto la hapa Mbagala, Dar, miezi mitano.

Watu wengi hawajui kwamba hata kwa misaada mikubwa jambo hili limekatazwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya dawa mwaka 1996, na mojawapo ya kanuni ni kwamba dawa ikishatoka kwa mgonjwa ikarudishwa haitolewi msaada tena popote. Hawakuamka tu wakasema hivo. Wakati wa vita vya Bosnia na muda mfupi baada yake, kati ya 1992 na 1996, watu wa nchi nyingine walimwaga masanduku ya dawa zao zilizobaki, na ilikadiriwa tani 17,000 zilikuwa hazifai kwa lolote, wenyeji wakaachiwa mzigo wa kutafuta pa kuziharibia. Huruma ilikuwepo, ila haikuwasaidia wagonjwa.

Kuweka akiba nako watu hukupenda, "ntaitumia siku nikiumwa tena." Hapa nagawanya. Panadol ya stripu ambayo haijaisha muda na imekaa mahali pakavu pasipo joto, weka, juu kabisa mtoto asikofika. Lakini antibaotiki zilizobaki siyo akiba, huo ni ushahidi kwamba dozi haikumalizwa. Dawa mseto ya malaria hivohivo, mtu mzima ni vidonge 24, vinne vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, ukiona vimebaki nane kwenye droo ujue kuna mtu alijisikia nafuu siku ya pili akaacha. Vinane hivyo havitibu malaria ya mtu mzima mwingine, vinamtuliza tu kidogo afu ugonjwa unarudi. Na ile antibaotiki ya mtoto ya unga unaochanganya na maji, ukishachanganya maisha yake ni kati ya siku 7 na 14 kutegemea na dawa yenyewe, nyingine mpaka zikae kwenye friji. Baada ya hapo hata kama chupa imejaa nusu hiyo siyo dawa tena.

Kwa hiyo kati ya kumpa jirani na kuweka akiba, akiba ina nafuu kwa vitu vichache sana vya kawaida, kumpa jirani dawa ya cheti mi nasema hapana. Kama unataka kumsaidia jirani, msindikize zahanati, au mpe nauli, au mchangie hela ya dawa yake mwenyewe.

Kurudisha famasi au kurudisha hospitali

Hapa ndo pa kuanzia kabla hujafikiria ndoo wala kiberiti, ila ujue mapema kwamba siyo kila mahali watakupokea.

Famasi ya kwanza niliyoenda, dada wa kaunta aliangalia mfuko wangu akasema "hatupokei dawa za nje dada yangu." Nikakasirika, nikatoka. Ya pili mfamasia mwenyewe alikuwepo, akaniita pembeni akanielewesha vizuri, na toka siku hiyo hasira zikaniisha. Dawa iliyoisha muda au isiyofaa famasi hairuhusiwi kuitupa inavyotaka. Inatengwa kwenye boksi lake lenye maandishi, inaandikwa kwenye orodha, afu inaombwa kibali cha kuharibiwa chini ya usimamizi wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, ile iliyokuwa ikiitwa TFDA mpaka 2019. Na gharama ya kuharibu ni ya mwenye mali. Sasa wewe ukimletea kilo mbili za dawa za marehemu unamuongezea mzigo wa kulipia. Ndo maana mmoja anakataa na mwingine anapokea kwa kukuhurumia, hasa kama dawa ulinunua kwake.

Hospitali ina unafuu mmoja mkubwa, tayari ina taka za hospitali kila siku na ina utaratibu wake wa kuziteketeza, nyingi zina insinereta yake, yaani tanuru la kuchomea taka, au zinapeleka kwenye hospitali kubwa zaidi. Mfuko wako mdogo unaingia kwenye mkondo ambao upo tayari. Ubaya wake ni foleni, na mlinzi getini, na kuzungushwa dirisha hili nenda lile. Mi nilienda saa nane mchana siku ya katikati ya wiki, nikaenda moja kwa moja dirisha la dawa nikasema "naomba kuonana na mfamasia wa zamu, nina dawa za mgonjwa aliyefariki nataka kurudisha." Hiyo sentensi ilifanya kazi. Ukisema tu "nina dawa" wanadhani umekuja kulalamika.

Kwa hiyo kama dawa ni chache na famasi inakujua, anza famasi. Kama ni kopo zima, au kuna sindano, au kuna dawa kali, nenda hospitali iliyompa mgonjwa. Maduka ya dawa muhimu ya huko mitaani na vijijini usiwape dawa za cheti nyingi nyingi, wao wana orodha yao ya dawa wanazoruhusiwa kushika na unaweza kumwingiza mtu matatizoni siku ya ukaguzi.

Kabla hujapeleka popote fanya mambo mawili. Chana au futa jina la mgonjwa na namba ya faili kwenye kibahasha. Na kata kona ya boksi au piga msalaba wa kalamu nzito, ili lisije likaonekana jipya mahali na kuuzwa tena. Mi nilipiga misalaba yote usiku, mikono inatetemeka, jina la mama yangu liko pale kwenye kila kibahasha.

Ndugu zetu mlioko nje mna wepesi zaidi. Uingereza famasi yoyote inapokea dawa zilizobaki, unampa mtu wa kaunta basi. Marekani kuna siku maalum za kukusanya mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, zilianza 2010, na famasi na vituo vya polisi vingi vina sanduku la kudumu. Mkiwa mnawatumia wazazi ushauri huku nyumbani kumbukeni sisi hatuna sanduku lile, kwa hiyo msiishie kwenye "peleka famasi."

Chooni au kwenye taka

Tuseme hakuna aliyepokea. Wengi hapa wanamwaga chooni, na najua kwa nini, inapotea machoni, mtoto haioni, roho inatulia. Shemeji yangu alikuwa ameshashika kile kibahasha cha amoxicillin anaelekea nacho chooni nikamzuia mlangoni.

Hebu fikiria choo chetu kinafanyaje kazi. Kama ni cha shimo, kila kitu kinashuka ardhini, na Dar nyumba ngapi zina kisima hatua chache tu kutoka kwenye shimo la choo? Kama ni cha kuflashi kinaenda kwenye shimo la septiki, na mle kazi inafanywa na bakteria, ndo wanaokula uchafu. We unawamwagia antibaotiki, unawaua wale wanaokusaidia na wanaobaki ni wale sugu. Gari la majitaka likinyonya linapeleka kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti, nayo yanategemea bakteria hao hao na jua, hayakujengwa kuondoa dawa ya presha. Mto wa Nairobi watafiti walishapima maji wakakuta mabaki ya dawa mle ndani, za maumivu, antibaotiki, mpaka ARV za virusi vya ukimwi. Sehemu ya hizo ni mkojo wa watu wanaokunywa dawa, hilo huwezi kulizuia. Ila zile za kumwaga makusudi unaweza.

Sasa kuna watu wamesoma kwamba Wamarekani wanaambiwa waflashi. Ni kweli nusu. Kule kuna orodha fupi ya dawa, nyingi ni za maumivu makali za jamii ya mofini, ambazo mtu akizikuta nyumbani dozi moja inaweza kumuua, hizo tu ndo wanasema kama huna pa kurudisha mwaga mara moja. Nyingine zote wanasema tupa kwenye taka kwa utaratibu. Sisi tumechukua kipande tumeacha kipande.

Taka nayo ina hatari yake na siyo ndogo. Gari la taka la Dar linaishia dampo la Pugu Kinyamwezi, na kule kuna watu wanaokota, na hata kabla halijafika kuna waokota makopo wanafungua mifuko barabarani. Boksi zima la losartan likionekana linaokotwa. Siri yote iko kwenye kuiharibu ionekane uchafu, na mi nilifanyia mazoezi vidonge vya vitamini vya mama kabla sijajua kama hospitali watapokea vingine:

Toa vidonge vyote kwenye stripu uviweke kwenye kopo la mafuta ya kupaka lililoisha au chupa ya plastiki yenye mdomo mpana. Usiviponde, unga wake unaruka na kuingia puani, na kuna dawa hazitakiwi hata kuguswa zikiwa unga. Mimina majani ya chai yaliyochujwa, au majivu ya mkaa, au mchanga na maji kidogo, mpaka liwe tope lisilotamanika. Dawa ya maji unaimwaga kwenye majivu mpaka yanywe yote. Funga kifuniko, zungushia selotepu, tia kwenye rambo nyeusi, weka katikati ya taka siku ile ile gari linapopita, siyo ilale nje usiku. Stripu tupu tupa mahali pengine.

Ilinichukua kama nusu saa. Harufu ya chai ya jana na vitamini ni mbaya kweli, na ndo tunachotaka, hakuna mtoto wala mtu mwenye njaa atakayeweka mdomoni.

Kati ya choo na taka iliyochanganywa hivi, taka. Kati ya choo na taka ya kutupa boksi zima hivihivi, zote mbaya, ila hiyo ya boksi zima ndo inayoweza kumpata mtoto wa mtu kesho asubuhi.

Kuchoma au kufukia

Hii ni ya ndugu zetu wa vijijini na pembezoni ambako gari la taka halipo. Kuchoma uani kunaonekana ndo safi, kiberiti, mafuta ya taa, kwisha. Shida ni moto wenyewe. Kuteketeza dawa vizuri kunahitaji tanuru la vyumba viwili lenye joto la nyuzi 850 au zaidi, na dawa nyingine zinataka zaidi ya 1,200. Moto wa majani makavu haufiki huko na hautulii, kwa hiyo dawa inaungua nusu na nusu inapanda na moshi, we na watoto mnaivuta. Zile stripu nazo ni plastiki na alumini, plastiki yake ikiungua kwa moto mdogo inatoa moshi wa sumu. Na pampu ya pumu ukiitupa motoni inalipuka, ina gesi ndani. Kwa hiyo kuchoma mi nakuweka karibu na mwisho, juu ya kumpa jirani tu.

Kufukia kuna nafuu ukifanya kwa akili. Kwa dawa nyingi wataalamu wana njia ya kujaza pipa robo tatu kwa dawa, afu wanamimina chokaa, saruji na maji kwa uzani wa 15 kwa 15 kwa 5, likiganda linakuwa jiwe moja. Hiyo ni ya hospitali na bohari, lakini wazo lake linafaa hata kwa kopo la rangi la lita moja, fundi yeyote wa jirani akiwa anachanganya zege mwombe mwiko mmoja. Jiwe hilo hata mbwa akifukua hapati kitu. Fukia mbali na kisima, mita 30 kwa uchache, na siyo bondeni maji yanakotuama, wala siyo shambani kwa mboga. Kama huna saruji, lile tope la majivu kwenye kopo lililofungwa, shimo lipite kiuno. Kufukia stripu mbichi kwa jembe mara mbili tatu ni kujidanganya, mvua ya masika moja tu ziko juu.

Zile ambazo hazina mjadala

Mofini. Ile chupa ya vidole viwili sikuiacha nyumbani hata siku moja baada ya kuijua. Mtoto akinywa kifuniko kimoja anaweza kulala asiamke. Irudishwe ilikotoka, hospitali au huduma ya tiba shufaa (ya kupunguza maumivu ya mgonjwa mahututi) iliyompa mgonjwa, mkononi kwa mhusika, na omba akuandikie kwamba amepokea kiasi fulani. Tramadol ya maumivu na diazepam ya kutuliza zitendee hivo hivo, maana zinatafutwa na vijana.

ARV na dawa za kifua kikuu zirudi kliniki ya mgonjwa. Wanahesabu vidonge pale hata kwa mgonjwa aliye hai, kwa hiyo hawatakushangaa. Na kama hutaki majirani wajue marehemu alikuwa anatumia nini, hiyo ndo njia ya kulinda siri yake pia, kopo la ARV kwenye taka linasomwa na mtaa mzima.

Dawa za saratani, za kumeza au za sindano, usizifungue, usizichanganye na majivu wala chai, usizichome. Vaa hata mfuko mkononi, zifunge, rudisha.

Sindano za insulini zikae kwenye galoni gumu la sabuni ya maji lenye kifuniko, likifika robo tatu lifunge ulipeleke kituo cha afya wanakotumia yale maboksi ya njano ya kutupia sindano. Usirudishie kifuniko cha sindano kwa mikono miwili, ndo watu wanapojichoma. Insulini iliyofunguliwa ikipita kama wiki nne haifai hata kama chupa imejaa. Ile ambayo haijafunguliwa na imekaa kwenye friji muda wote nilimpelekea nesi wa kliniki ya sukari ndani ya flaski ya barafu, nikamwambia ukweli wote imekaaje na umeme ulikatika lini, akasema asante ila hawezi kumpa mgonjwa mwingine kitu ambacho hakukilinda yeye. Nikaumia, ni dawa ya hela nyingi. Lakini nilipofikiria kwamba angekuwa anachomwa nayo mama yangu, nikamwachia aiharibu.

Ukipiga simu au ukifika dirishani uliza hivi: mnapokea dawa zilizobaki za mgonjwa? Hata zilizoisha muda? Mnapokea na sindano? Nimwone nani, na saa ngapi? Nije nazo kwenye maboksi yake au nizitoe? Hilo la mwisho muhimu, wengine wanataka waone boksi ili wajue ni dawa gani. Na kama msimbo wa bima au namba ya faili unayo, nenda nayo kwenye karatasi, hasa kwa mofini. Kwa walioko Kenya wanaosimamia mambo ya dawa ni Pharmacy and Poisons Board, ukikwama kwenye famasi waulize wao.

Mama mdogo jana kanipigia, ana mfuko wa dawa za babu toka mwaka juzi chini ya kitanda, zimo na za macho. Jumamosi naenda kumchukua twende naye.